Kwenda Lamu na watoto: mwongozo kamili wa likizo ya ufuoni

Kabla hujauliza bei ya tiketi wala ya nyumba, uliza mwezi uko tarehe ngapi. Sisemi Agosti au Desemba, nasema mwezi wa angani. Familia nyingi huja Lamu, kisiwa cha pwani ya Kenya, na ratiba iliyopangwa saa kwa saa, na siku ya pili tu ratiba hiyo inakwama: boti haipiti, njia ya kwenda kijiji cha Shela imemezwa na maji, au bahari imejiondokea na watoto wamebaki wakishangaa mchanga mtupu. Nimewapeleka wanangu mara nne sasa. Safari ya kwanza kitindamimba alikuwa na miezi kumi na mmoja. Makosa yetu makubwa karibu yote yalitokana na swali ambalo hatukuliuliza mapema: maji yanajaa saa ngapi?

Tarehe: mwezi, pepo na likizo za shule

Anza na mwezi kwa sababu haubembelezeki. Ukiandama na ukiwa mpevu, yaani siku mbili tatu za mwanzo na tena kuanzia mwezi 14 hadi 17 kwa hesabu ya Kiislamu, maji huwa ya bamvua: hujaa mpaka juu ya ngazi za gati na hupwa mpaka mashua zinalala ubavu. Katikati, karibu na mwezi 8 na mwezi 22, ni maji mafu. Tofauti kati ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Saa nazo zina utaratibu wake. Siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi au kumi na moja, alfajiri na alasiri, na hupwa katikati ya asubuhi. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa takriban dakika 50, hivyo yakifika maji mafu, kujaa kumeshahamia asubuhi ya kati. Ukiwa na kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu, unaweza kukaa sebuleni kwako ukajua Jumanne fulani watoto wataogelea saa ngapi. Nahodha atakupa saa kamili ukifika. Hesabu hii ni ya kupangia safari.

Kwa familia yenye watoto wadogo, mimi huchagua kufika mwezi 5 au 6 na kuondoka mwezi 11 au 12. Siku za kwanza maji hujaa asubuhi, jua likiwa bado na huruma, na za mwisho hujaa karibu na adhuhuri, wakati watoto wameshazoea kulala mpaka jua limepanda. Wenye watoto wakubwa wanaopenda kufukunyua madimbwi wanaweza kufurahia bamvua zaidi, kwa sababu maji yakitoka huacha eneo kubwa la kutembea.

Baada ya mwezi, pepo. Kaskazi huvuma kuanzia kama Desemba hadi Machi: joto, bahari tulivu zaidi, maji maangavu. Kusi huanza Aprili na kuendelea hadi Septemba au Oktoba. Huja na mawimbi, na Shela hurusha mchanga unaouma miguu ya mtoto mfupi kama sindano. Mvua za masika hushika Aprili hadi Juni, Mei ikiwa na nyingi kuliko yote. Hapo mzazi wa Kenya anaona tatizo: likizo ya Aprili iko kwenye masika, ya Agosti iko kwenye kusi, na ya Desemba ndiyo nzuri lakini kila mtu anajua hivyo. Tukikosa Desemba, sisi huenda mwishoni mwa Agosti, tukijua kwamba ufuo ni wa asubuhi tu, kabla upepo haujaamka.

Tazama pia kalenda ya mji wenyewe. Wakati wa Ramadhani migahawa mingi ya mjini hufungwa mchana. Nyumba ya kupanga yenye jiko itakusitiri, na jioni za futari ni tamu mno, ila usitarajie kula barabarani na watoto saa saba. Wakati wa Maulidi, mwishoni mwa mfungo sita (Rabiul Awwal), mji hufurika wageni kutoka pwani nzima na nje yake kwa ajili ya sherehe za Msikiti wa Riyadha. Kuna mashindano ya mbio za punda na majahazi, na watoto hawatasahau, lakini chumba kitafute miezi mingi kabla.

Mjini au Shela?

Huu ndio uamuzi utakaobadilisha likizo nzima, na wengi huufanya kwa kutazama picha tu.

Mji wa Lamu hauna ufuo wa kuogelea. Una gati, soko, ngome, misikiti, watu na punda. Shela ni kijiji kilicho kama kilomita tatu kusini, na ufuo mrefu wa karibu kilomita 12 huanzia hapo na kuzunguka upande wa bahari kuu. Kutoka mjini hadi Shela ni mwendo wa dakika 40 hadi 45 kwa mtu mzima asiyebeba mtoto. Njia hupita kando ya maji na sehemu nyingine hufunikwa maji yakijaa. Boti huchukua kama robo saa.

Familia ikija kwa siku tatu ikae Shela, isihangaike. Ikija kwa wiki, nashauri siku mbili za mwanzo mjini kisha kuhamia Shela. Sababu ni kwamba watoto wakishaonja ufuo hawarudi tena kwa hiari kutazama milango ya nakshi. Tulijaribu kinyume chake mara moja. Siku ya mjini ikawa ya kununua utulivu kwa barafu.

Maswali ya kumuuliza mwenye nyumba

Nyumba za kale za Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hushikiliwa na boriti za mikoko. Boriti hizo zina kikomo cha urefu, na kwa sababu hiyo vyumba ni virefu lakini vyembamba, chini ya mita tatu upana. Ni nyumba za baridi, zenye vidaka ukutani na ua katikati. Ni nzuri. Pia zilijengwa na watu ambao hawakuwa wakimfikiria mtoto wako wa miaka miwili.

Kwa hiyo uliza. Ngazi zina kishikio? Nyingi hazina; ni za mawe, zimesimama wima, na hatua zake hazilingani. Ukuta wa paa la juu una kimo gani? Huko juu chini ya makuti ndiko mtakakokula na kupunga upepo, na kuna nyumba ambazo ukuta wake haufiki kiuno cha mtu mzima. Omba picha ya ukuta huo mtu akiwa amesimama kando yake. Kuna chumba cha kulala cha chini? Maji ya bomba ni ya uhakika, na umeme ukikatika kuna nini? Kila kitanda kina chandarua kisichotoboka? Pwani ina malaria, na wanaotoka nyanda za juu wamwone daktari kabla ya safari, hasa wakiwa na mtoto mchanga au mama mjamzito.

Uliza pia kama kuna birika. Katika choo cha nyumba ya kale utakuta tangi la maji la kujengea, na ukiinama vizuri utaona samaki wadogo wakizunguka ndani. Hawakuwekwa kwa urembo: hula viluwiluwi vya mbu. Binti yangu wa kati alitumia dakika ishirini za asubuhi yake ya kwanza Lamu akiwapa samaki hao majina huku kaka yake akibisha mlango. Ni raha tupu, ila maji yaliyo wazi ni hatari kwa mtoto anayetambaa, na mlango wa choo hicho lazima uwe na komeo la juu.

Nyumba nyingi hupangishwa pamoja na mpishi. Ukubali. Asubuhi mnakubaliana mtakula nini, unampa pesa ya soko, anarudi na samaki waliotoka majini usiku uleule. Msimu ukiwa mdogo bei ya nyumba hujadilika, hasa kwa anayelala siku nyingi.

Kufika

Kwa ndege, safari kutoka Nairobi ni kama saa moja na robo. Mtatua uwanja wa Manda, ambao uko kisiwa cha pili, mkabala na mji wa Lamu. Kutoka uwanjani mnatembea hadi gatini na kuvuka kwa boti. Ndege ndogo huruhusu mzigo mdogo, mara nyingi kilo 15 kwa mtu, kwa hiyo soma masharti ya tiketi kabla ya kufunga mabegi.

Kwa barabara, basi kutoka Mombasa hupita Malindi na Garsen hadi Mokowe, bandari ya upande wa bara, kisha mnavuka kwa boti kama nusu saa. Ni safari ya siku nzima. Hapa niseme wazi. Upande wa bara wa kaunti umewahi kushambuliwa, Mpeketoni mwaka 2014 ikiwa ndiyo inayokumbukwa zaidi, na barabara ya Garsen hadi Lamu ina vizuizi vingi vya ukaguzi. Kisiwani penyewe ni patulivu, watoto hucheza vichochoroni mpaka usiku. Lakini kabla ya kuchagua basi, sikiliza habari za wiki hiyo, safiri mchana, na beba vitambulisho vya watu wazima pamoja na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kingine ni Mto Tana: mvua zikizidi, mto hufurika na barabara ya kwenda Lamu hukatika. Abiria waliwahi kukwama namna hiyo Novemba 2023 na tena masika ya 2024. Kwa familia yenye mtoto mdogo, kama mfuko unaruhusu, panda ndege angalau upande mmoja.

Bei ya boti mkubaliane kabla ya mguu kugusa ubao: ni ya kila mtu au ya boti nzima, inajumuisha mizigo au la, na kama ni ya matembezi, inajumuisha kungoja na chakula? Boti za abiria kati ya mji na Shela hungoja kujaa. Ukitaka kuondoka mara moja unalipia viti vilivyo wazi. Jaketi za kuokolea maisha za watu wazima zipo, za watoto ni bahati nasibu. Sisi hubeba zetu.

Mzigo

Kigari cha mtoto kiache nyumbani. Vichochoro vina ngazi, mifereji ya wazi na punda waliobeba mawe, na mchanga wa Shela haupitiki kwa magurudumu. Leso mbili zitafanya kazi yote: kumbebea mtoto, kumfunika jua, kutandika, kujifutia. Beba viatu vya majini kwa kila mtoto, kofia zenye kamba ya kidevuni, fulana za mikono mirefu za kuogelea, losheni ya jua, dawa ya mbu, chumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini, na tochi ndogo. Daipa zinapatikana mjini, ila usitegemee kupata aina unayoitaka. Pesa taslimu muhimu: benki ziko mjini, na M-Pesa inapokelewa karibu kila mahali, lakini mtandao ukizingua nahodha bado anataka pesa ya petroli.

Mavazi ya kuogelea ni ya ufuoni. Mjini na ndani ya kijiji cha Shela, mama ajisitiri mabega na magoti, baba asitembee kifua wazi. Hakuna atakayekufokea, watakuona tu huna adabu.

Siku ya kwanza msifanye kitu

Fikeni, muoge, mle, kisha jioni mtoke kutembea bila mpango. Wafundishe watoto sheria moja kabla ya mlango kufunguliwa: punda ana haki ya njia. Lamu haina barabara za magari katika mji mkongwe, na pikipiki zilizoanza kuonekana miaka ya karibuni ziko zaidi pembezoni, kwa hiyo kila mfuko wa saruji na kila kreti ya soda hubebwa na punda au rukwama. Ukisikia sauti nyuma yako ikiomba njia, jibane ukutani na umvute mtoto upande uleule uliko wewe. Kosa la kila mgeni ni mzazi kubana kushoto na mtoto kulia, punda akapita katikati na magunia yake mapana.

Wasalimie watu wa barazani, na watoto wasalimie kwa shikamoo. Mtoto aliyetoa shikamoo Lamu hapotei. Mzee aliyeitikia marahaba atamkumbuka kesho yake na kumwelekeza nyumbani. Watasikia pia Kiamu, Kiswahili cha Lamu, na kitawachekesha. Penye *nj* ya kwetu wao huweka *nd*: njaa ni ndaa, njia ni ndia. Mvuvi mmoja alimwita mwanangu, "Ndoo! Ndoo!" na mtoto akarudi mbio nyumbani kuchukua ndoo.

Ufuo wa Shela bila ajali

Hakuna waokoaji. Hakuna kivuli. Hakuna mwuza maji baada ya nyumba za mwisho. Ukishayakubali hayo matatu, ni ufuo ambao watoto wanaweza kukimbia mpaka wawe vidoti viwili na bado uwaone.

Gawanya ufuo sehemu mbili kichwani mwako. Upande wa kijiji, unaotazama Manda, ni mlango wa bahari: maji yametulia juu juu, lakini wakati wa kujaa na kupwa mkondo huenda kasi kuliko unavyoonekana. Waogelee maji yanapokaribia kujaa au muda mfupi baada ya hapo, wakati yamesimama, na wasivuke usawa wa kiuno chao. Ukizunguka pembe kuelekea kusini unafika bahari ya wazi, ambako mawimbi ni makubwa, hasa wakati wa kusi. Huko ni kwa kutembea, kujenga majumba ya mchanga na kufukuza kaa. Kuoga ni kwa wakubwa wanaojua bahari. Mkiwa na watoto wadogo sana, mkodishe boti mvuke hadi ufuo wa Manda ulio mkabala.

Mwambie kila mtoto aburuze miguu anapoingia majini, asikanyage kwa kunyanyua; samaki bapa aitwaye taa hujilaza mchangani na akiguswa ubavuni huondoka mwenyewe, akikanyagwa huchoma.

Ratiba yetu ya kila siku ni kutoka saa kumi na mbili na nusu, kurudi kabla ya saa nne, kulala, na kutoka tena saa kumi. Jua la saa sita Shela si la kushindana nalo.

Milima ya mchanga iliyo nyuma ya ufuo watoto wataililia wapande. Waacheni wapande kwa kiasi, lakini waelezeni ni nini: mvua huzama ndani ya mchanga ule, ukachuja na kuhifadhi maji matamu, na visima vilivyo hapo ndivyo vinavyonywesha mji wa Lamu. Wasiache hata kifuniko cha chupa, na haja ndogo ifanyiwe nyumbani.

Hapo hapo ndipo pa kuwasimulia vita vya Shela. Mwanzoni mwa miaka ya 1810, majeshi ya Pate yakishirikiana na Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, yalishuka kwenye ufuo huu kuja kuiteka Lamu. Walipozidiwa walikimbilia vyombo vyao, wakavikuta vimelala mchangani: maji yalikuwa yametoka. Lamu ikashinda, ikaogopa kisasi, ikaomba ulinzi wa Oman. Mwanangu mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwani hawakuuliza maji yanajaa saa ngapi?"

Takwa, na jinsi tulivyokwama

Kama mtafanya safari moja tu ya boti, iwe Takwa. Ni magofu ya mji wa Waswahili ulio kisiwa cha Manda, uliostawi katika karne ya 16 na 17 kisha ukahamwa. Wengi wa waliohama walivuka mlango wa bahari na kwenda kukaa Shela, na hadi leo watu wa Shela wana desturi ya kurudi kuomba dua ya mvua kwenye kaburi la mnara lililoko huko. Kuna ukuta wa mji, nyumba zilizobaki kuta, mibuyu mikubwa, na msikiti wenye nguzo juu ya kibla. Kwa mtoto ni uwanja wa kujificha wenye historia ndani yake, lakini waambie mapema kwamba kuta hazipandwi na msikiti ni msikiti hata kama hauna paa.

Kufika kwake boti hupita mkono wa bahari ulio kati ya mikoko, na mkono huo hupitika maji yakiwa yamejaa. Safari yetu ya pili ilikuwa mwezi 15. Nahodha alisema twende alasiri. Mimi, kwa kuwa watoto walikuwa wameamka saa kumi na mbili na wanaruka juu ya vitanda, nikashikilia tuondoke saa mbili na nusu. Alinitazama, akasema, "Mama, maji yanatoka," nikamjibu kwamba tutawahi. Saa tatu na robo boti ikakwaruza, ikasimama. Kushoto mikoko, kulia mikoko, chini matope meusi yanayotoa mapovu. Tulikaa pale mpaka saa sita na robo. Tulimaliza mahamri ya siku nzima kufikia saa nne. Nahodha alijifunika kofia usoni akalala, wala hakuninyooshea kidole, na hilo lilinichoma kuliko angenikemea. Watoto, kwa upande wao, wanasema ndiyo siku bora ya likizo ile: walihesabu kaa wenye gando moja kubwa mpaka wakafika mia tatu na kitu.

Kwa hiyo: panga Takwa kati ya mwezi 7 na 10, au 21 na 24, maji yanapojaa kuanzia katikati ya asubuhi hadi karibu na adhuhuri. Ondokeni yakiwa bado yanajaa, tembeeni magofuni kama saa moja, na mrudi botini kabla hayajaanza kutoka kwa nguvu. Bebeni maji ya kunywa mara mbili ya mnavyodhani, dawa ya mbu, na chakula cha watu waliokwama. Nahodha akishataja saa, ratiba yako weka kando. Wapo wanaotweka tanga wakati wa kurudi na kuvua samaki njiani. Uliza mkiwa mnapatana bei.

Mji mkongwe kwa miguu mifupi

Mji umeorodheshwa na UNESCO kama urithi wa dunia tangu 2001, na watu wameishi hapa bila kukatika kwa zaidi ya miaka 700. Kwa mtoto hayo ni maneno. Anachotaka ni kitu cha kufanya, basi mpe. Ngome, iliyoanza kujengwa mwaka 1813 na kumalizika 1821 kwa msaada wa Waomani, ilikuwa jela kuanzia 1910 hadi 1984. Watafute wenyewe palipokuwa na mahabusu, halafu wapande juu kutazama uwanja na soko. Katika Jumba la Makumbusho kuna siwa, pembe kubwa zilizopulizwa kwenye shughuli za wakuu, na hapo hata kijana wa miaka kumi na minne hutoa masikio kwenye simu. Makumbusho ya Nyumba ya Waswahili ni ndogo na inatosha kwa nusu saa. Posta ya Wajerumani, iliyofanya kazi kati ya 1888 na 1891, ni ya wazazi zaidi.

Hospitali ya punda iliyo ukingoni mwa bahari, ambayo imekuwepo tangu 1987, ndiyo iliyoshinda yote hayo kwa kura za watoto wangu.

Ijumaa adhuhuri mji husimama. Msipange boti wala ziara kati ya saa sita na saa nane. Msikiti msiingie bila kukaribishwa.

Kula

Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Mchana mpishi atawapa samaki wa kupaka na wali wa nazi, na ukimwomba mkate wa mofa ule uliookwa kwenye tanuri la udongo, mtanunua wa kutosha wageni wengine watatu. Jioni, uwanja wa mbele ya ngome na vichochoro vinavyoupakana huwa na viazi vya karai, mishikaki na sharubati za ukwaju. Pilipili ya Lamu si mzaha. Sema "bila pilipili" kabla, kwa sababu ukishasema baada, mtoto anakuwa ameshaanza kulia. Maji ya kunywa nunueni ya chupa au mchemshe.

Siku ya kuondoka

Lipa mpishi na mlinzi usiku wa kuamkia safari, maana asubuhi kila mtu atakuwa anatafuta kiatu. Boti ya kwenda Manda au Mokowe iagize jana yake, na umweleze nahodha saa ya ndege au basi badala ya saa unayodhani mnapaswa kuondoka; yeye atajumlisha maji na upepo. Kama ni asubuhi ya bamvua, boti itakuwa chini kabisa na ngazi za gati zitakuwa zimefunuka hadi zile za mwisho zenye mwani wa kijani unaoteleza. Mzazi mmoja ashuke kwanza, watoto wafuate mmoja mmoja wakiwa pekupeku, mabegi yaje mwisho.